Tundu Lina Jina, Unga Hauna

Jumamosi moja ya mvua, stima ilipokuwa imerudi baada ya kupotea usiku kucha, niliamua kupika donati kwenye keja yangu huku Zimmerman. Si mandazi. Donati zile za duara, zenye tundu katikati na sukari inayong'aa juu kama kioo. Zile ambazo mjini zinapangwa nyuma ya vioo chini ya taa za manjano, na moja tu inakula bei ya chakula chako cha mchana pale kibandani.

Sababu yangu ilikuwa pesa. Mtu akiacha chuo mwaka wa tatu na akaanza kuishi kwa kuandika, anajifunza kupiga hesabu ya kila kitu. Nilipiga hesabu ya unga, sukari, maziwa na mafuta nikaona kwamba donati si kitu cha kutisha. Halafu nikafanya kosa ambalo mtu aliyesoma historia, hata kama hakumaliza, hulifanya kila mara: nikauliza hii kitu ilitoka wapi.

Tuanze na unga. Nusu kilo ya unga wa ngano mweupe, vijiko viwili vya chai vya hamira kavu, robo kikombe cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Pembeni, kikombe kimoja cha maziwa vuguvugu, yai moja, na siagi iliyoyeyuka kiasi cha vijiko vinne vikubwa. Maziwa yasiwe moto. Ukitia kidole usisikie joto wala baridi. Yakiwa ya moto yataua hamira, na hamira ikifa utakula mawe.

Ngano hii tunayoichukua dukani bila kufikiria ina kesi yake. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro, na baada ya mifugo yake kufa akajaribu ngano. Kutu ya ngano ikaifyeka. Akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazostahimili ugonjwa, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited. Wakati huohuo Wamaasai walikuwa wanasukumwa kutoka Bonde la Ufa kwa mikataba ya 1904 na 1911. Kwa hivyo kabla hujaweka maji, kinyunya chako tayari kina ardhi ya mtu ndani yake. Siwaambii msile. Mimi nilikula sita.

Changanya, kisha kanda dakika kumi. Mwanzoni unga utakushika vidole kama mtoto asiyetaka kuachwa shuleni. Usiongeze unga mwingine haraka. Endelea tu, utaacha wenyewe. Ukifinya ukarudi polepole, umeiva kwa kukandwa. Funika, weka mahali penye joto, usubiri saa moja hadi saa moja na nusu mpaka uumuke mara mbili.

Katika hiyo saa moja, kuna viumbe hai wanafanya kazi kwenye bakuli lako. Watu walitumia hamira kwa maelfu ya miaka bila kujua hivyo. Ni katika miaka ya 1850 na 1860 ndipo Louis Pasteur, kule Ufaransa, alipoonyesha kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai wadogo. Mwaka 1868 Charles Fleischmann, mhamiaji kutoka Ulaya ya Kati, alianza na wenzake kuuza hamira ya kushindiliwa huko Cincinnati, Marekani. Hamira kavu ya chengachenga, ndugu ya hii tunayonunua kwa pakiti, ilipata nguvu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu jeshi la Marekani lilihitaji kuoka mkate mahali pasipo na friji. Ni kitu cha vita hicho, kimekaa kwenye rafu karibu na chumvi.

Lakini neno lenyewe, hamira, halikuja na pakiti. Lilikuja na Waarabu kwenye pwani yetu, na ndilo unalolisikia ndani ya mahamri. Kaimati nazo zinatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya vitonge vidogo. Vitonge vya namna hiyo, vilivyokaangwa kwenye mafuta na kutiwa utamu, vimeandikwa kwenye mapishi ya Baghdad tangu karne ya 13. Kwa hivyo ukikuta mtu anasema donati ililetwa Afrika Mashariki na maduka ya vioo, mwambie apande basi aende Mombasa jioni ya Ramadhani. Unga wa hamira, mafuta ya moto, halafu shira ya sukari juu. Hiyo ni nini kama si donati iliyokataa kutobolewa?

Mama yangu aliuza mahamri Changamwe kwa miaka kumi na minne. Nimelala nikisikia akikanda na nimeamka nikisikia mafuta. Mtaani aliitwa Mama Mahamri, na sidhani kama nusu ya wateja wake walijua jina lake. Ada yangu ya shule ya upili ilitoka kwenye karai lile. Ya chuo pia, hadi karai liliposhindwa.

Turudi Marekani, maana donati yenye tundu ni ya huko. Waholanzi waliokaa New Amsterdam katika karne ya 17, kabla Waingereza hawajauteka mji huo mwaka 1664 na kuuita New York, walikuwa na keki zao za kukaanga walizoziita olykoeks, yaani keki za mafuta. Mwaka 1809 Washington Irving, katika kitabu chake cha kejeli kuhusu historia ya New York, alizitaja kama vitonge vya unga mtamu vilivyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na akazipa pia jina la doughnuts. Zilikuwa mviringo bila tundu, na tatizo lake ni lile mnalolijua nyote mliowahi kula mandazi makubwa ya haraka: nje imeungua, ndani unga mbichi.

Hapo ndipo anapoingia Hanson Gregory, baharia wa jimbo la Maine. Akiwa mzee, mwaka 1916, aliliambia gazeti la Washington Post kwamba mwaka 1847, akiwa kijana wa miaka kumi na sita melini, alichoka na hizo keki zenye katikati mbichi, akachukua kifuniko cha mkebe wa pilipili manga akatoboa. Tundu likazaliwa. Huenda wengine walitoboa kabla yake, lakini yeye ndiye aliyehojiwa na gazeti. Leo kuna kibao cha kumbukumbu kwao, Rockport.

Kibao kimewekewa tundu. Fikiria hapo. Hadithi inasema mama yake, Elizabeth, ndiye aliyekuwa akipika keki hizo kwa kungumanga, mdalasini na maganda ya limau, na akiweka karanga ngumu katikati pale ambapo unga haukuiva. Yaani tatizo la katikati, mama alishaliona na alishalitafutia dawa. Mwanawe akatoa katikati, akapewa kibao. Mama yuko kwenye hadithi kama mtu wa pembeni.

Sina ugomvi na Gregory. Tundu ni akili. Linaruhusu mafuta ya moto yafike ndani, donati inaiva sawasawa pande zote. Ninachosema ni kwamba historia inapenda kukumbuka kilichotolewa, na kusahau aliyekanda.

Unga umeumuka. Upige kidogo utoe hewa, usukume kwenye meza yenye unga hadi unene wa sentimita moja na nusu. Sikuwa na mti wa kusukumia, nikatumia chupa. Nilijicheka, kisha nikakumbuka kuwa nina wenzangu. Mwaka 1917, huko Montiers-sur-Saulx, Ufaransa, Helen Purviance na Margaret Sheldon wa Jeshi la Wokovu walitaka kuwapikia askari wa Kimarekani kitu kinachonukia nyumbani. Hawakuwa na oveni. Walikuwa na unga, sukari, mafuta na kikaango kidogo, na walisukuma kwa chupa ya mvinyo. Siku ya kwanza walipata donati 150, nao askari walikuwa kwenye foleni matopeni. Zao zilitumia beking pauda, si hamira, kwa sababu vita havisubiri saa moja na nusu. Kuanzia hapo donati ikawa chakula cha kumkumbusha mtu kwao.

Kata kwa glasi, na katikati kata kwa kifuniko cha chupa ya soda. Vile vipande vya katikati usitupe, vikaange pia, hizo ndizo kaimati zako. Panga donati kwenye karatasi iliyopakwa mafuta, funika, ziumuke tena dakika thelathini hadi arobaini. Ukiruka hatua hii utapata mandazi yenye tundu. Si vibaya, lakini sicho tulichokubaliana.

Sasa mafuta. Pasha kwa moto wa wastani. Kama huna kipimajoto, tumbukiza mpini wa mwiko wa mbao: vikitoka viputo vidogo vidogo kuuzunguka, mafuta yako tayari. Yakitoa moshi, epua kwanza. Kaanga mbili au tatu kwa wakati, kama dakika moja kila upande. Ukizigeuza utaona mstari mweupe kiunoni. Huo ndio ushahidi kwamba hamira ilifanya kazi: donati imeelea juu kwa wepesi wake, na katikati haikuzama.

Mafuta yamekuwa siasa hapa kwetu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mboga. Tulitoka barabarani mwezi wa sita, wengine hawakurudi nyumbani, na mswada ukaondolewa. Watu wazima walituuliza tunajua nini kuhusu bei ya unga na mafuta. Mimi nimelelewa na bei hiyo. Ikipanda shilingi ishirini, mama hakupandisha bei ya hamri. Alilipunguza ukubwa kidogo, na jioni sisi tukala lililopungua.

Imebaki ile glezi. Chekecha kikombe kimoja na nusu cha sukari ya aising, tia maziwa vijiko vitatu vikubwa na tone la vanila, koroga mpaka iwe kama uji mwepesi. Chovya donati zikiwa bado za joto, weka juu ya wavu zichuruzike. Baada ya dakika kumi glezi inakauka na kuwa ngozi nyembamba inayopasuka ukiuma.

Donati ya namna hii, ya hamira na glezi, ndiyo Vernon Rudolph aliyoanza kuuza Winston-Salem mwaka 1937 chini ya jina Krispy Kreme. Kampuni yenyewe inasimulia kwamba aliuzia maduka tu, hadi wapita njia walipovutwa na harufu wakaomba, akatoboa ukuta ili awauzie. Tundu tena. Na kule California, Ted Ngoy, mkimbizi wa Kambodia aliyefika mwaka 1975, alijifunza kazi ya donati, akafungua duka baada ya duka, na kuwadhamini mamia ya wenzake waliokimbia mauaji ya Khmer Rouge. Baadaye kamari ilimla mali yote. Maduka waliyoyafungua wenzake yapo hadi leo, na familia zinaamka saa nane za usiku kukanda.

Na hiyo sukari nyeupe tunayoichovya? Ilishushwa bei na watumwa. Waafrika milioni 12 na zaidi walipakiwa melini kuvuka Atlantiki, na mashamba ya miwa yalimeza sehemu kubwa yao. Huku kwetu pia. Katika karne ya 19 miwa ya Pangani ililimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, yule tunayefundishwa kwamba aliwapinga Wajerumani hadi wakamnyonga mwaka 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa. Shujaa na mwenye watumwa, mtu mmoja. Kitabu changu cha darasani kilinipa nusu ya kwanza tu.

Nilimpigia mama jioni, donati kumi zikiwa mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akacheka. "Kwa hivyo umepika mahamri ukayatoboa."

Tangu nimwambie kwamba nimeacha chuo, hilo lilikuwa cheko lake la kwanza nililolisikia. Hatukulizungumza la chuo. Aliuliza nimetia hamira kiasi gani, nimekanda muda gani, unga uliacha kushika mkono lini. Nikamwambia nataka kuandika habari zake, niweke jina lake, maana kuna baharia huko Marekani amewekewa kibao kwa kutoboa tu.

"Jina la nini?" akasema. "Andika kipimo, watu wasije wakaharibu unga."

Basi: vikombe vinne vya unga, sukari nusu kikombe na kidogo, kijiko kikubwa kimoja cha hamira, iliki sita zilizotwangwa muda huohuo. Tui la nazi zito, vuguvugu, utie kidogokidogo. Kanda mpaka mkono utoke msafi.