Habari na Mleta Habari: Mahubiri ya Kikristo katika Pwani ya Watumwa

Kitenzi kuhubiri na nomino habari vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Kwa asili ya neno lenyewe, basi, mhubiri ni mtu aletaye habari. Na mleta habari huulizwa mambo mawili kabla ya kuaminiwa: je, anasema kwa lugha tuielewayo? Na je, yeye mwenyewe anaishi kama mtu aliyezisadiki habari hizo? Maswali haya hayakuulizwa na maaskofu na wanateolojia peke yao. Katika pwani ya Afrika Mashariki ya karne ya 19, walioyauliza kwa ukali zaidi ni wasikilizaji waliokuwa wamewahi kuuzwa.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo alimzika mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga. Kabla ya msiba huo alikuwa amekwisha kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin. Ushirikiano huo wastahili kutazamwa kwa makini. Maneno kama imani, dhambi, toba, sala na rehema yalikuwa yakitumiwa na Waislamu wa pwani muda mrefu kabla Krapf hajashuka katika jahazi. Mhubiri Mkristo hakuyaumba, aliyaazima. Na aazimaye neno huazima pia masikio yaliyolizoea. Aliyetamka neno dhambi mbele ya watu wa Mombasa alitamka neno ambalo wao walilijua kuliko yeye, na ilimbidi aeleze pale ambapo habari yake ilikubaliana na ile waliyoijua na pale zilipoachana.

Kazi hiyo haikumletea Krapf wafuasi wengi. Mtu wa kwanza kubatizwa katika misheni ya Rabai, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Mwenye kupima mahubiri kwa idadi ya vichwa angesema kwamba Rabai ilishindwa. Lakini uaminifu wa habari na wingi wa wanaoipokea ni mambo mawili mbalimbali, na historia ya pwani inatoa sababu ya kutoyachanganya.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu William Tozer wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kuwa UMCA. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili: kimoja cha kufundishia Kiswahili, na kingine cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Kitabu cha pili kinaonesha jinsi alivyouelewa wajibu wake. Kabla ya kupanda mimbarani, alikubali kukaa chini akasimuliwa. Mtu aliyesikiliza hadithi za sungura na za majini hujifunza jinsi sentensi ya Kiswahili inavyopumua, mahali ambapo wasikilizaji hucheka na mahali wanaponyamaza. Mahubiri yake ya baadaye, na tafsiri yake ya Agano Jipya, yalijengwa juu ya usikivu huo.

Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Misheni ikapata uwanja wa soko la Mkunazini, na siku ya Krismasi mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa hapo. Tangu siku hiyo, msamiati wa mahubiri ukawa mzito kuliko zamani. Mtume, mtumishi na mtumwa ni maneno ya kitenzi kimoja, kutuma. Mtume Paulo hujiita mtumwa wa Kristo, na tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952 imelihifadhi neno hilohilo. Kwa mkutano wa Uingereza, hiyo ni tamathali ya usemi. Kwa mtu aliyewahi kusimamishwa Mkunazini ili apimwe meno na kutajiwa bei, haikuwa tamathali. Mhubiri aliyelitamka neno hilo katika uwanja huo alidaiwa kueleza tofauti kati ya bwana amnunuaye mtu na Bwana ambaye mtu humtumikia kwa hiari.

Hapo ndipo swali la pili lilipoingia, na majibu ya misheni hayakuwa safi daima. Wanafunzi wake wa kwanza Unguja walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, wakakabidhiwa kwa Tozer na Sultani Majid mwaka 1864. Hawakuja kwa kuvutwa na mahubiri, waliletwa. Huko Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na Church Missionary Society karibu na Mombasa mwaka 1875, adhabu ya viboko ilitumika, hata ikazusha lawama mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mtu aliyeambiwa Jumapili kwamba amekombolewa, kisha Jumatatu akachapwa na walewale waliomwambia, alikuwa na haki ya kuuliza habari ipi ndiyo ya kweli. Hakuna ufasaha wa lugha uwezao kulijibu swali hilo.

Jibu lilitoka pia kwa wasikilizaji wenyewe, walipogeuka kuwa wahubiri. John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, alifanywa shemasi mwaka 1886 na kasisi mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza kupata ukasisi katika misheni hiyo. Alifanya kazi Chitangali, katika nchi ya Masasi, miongoni mwa Wayao. Aliponena juu ya mtu kutolewa utumwani, hakuhitaji kuazima mfano kwa yeyote. Ushahidi alikuwa nao mwilini mwake, na waliomsikiliza waliijua njia iendayo pwani na walioipita bila kurudi.

Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa la Mkunazini. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897. Kwa miaka zaidi ya ishirini, basi, uhuru ulihubiriwa pale palipokuwa soko, na nje ya ukuta wa kanisa walipita watu ambao bado walikuwa mali ya wengine. Kila aliyepanda mimbari ile alihubiri huku akisikika hadi barabarani.