Ngeli ya Roy Batty

Msimulizi wa filamu kwa Kiswahili hana pa kujificha. Kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, kitenzi kishamdai ngeli: huyu anakimbia, au hiki kinakimbia? Ukisimulia picha ya Kihindi au ya kareti swali hilo halikugusi, maana stelingi ni mtu na adui ni mtu. Sasa jaribu kuwasimulia wenzako Blade Runner, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1982.

Kisa chenyewe si kirefu. Tuko Los Angeles, Novemba 2019, tarehe ambayo kwa waliotengeneza filamu ilikuwa mbali sana na kwetu imeshapita. Kampuni ya Tyrell inatengeneza watumishi wanaofanana na watu kama shilingi kwa ya pili, inawapeleka kufanya kazi za sulubu na vita katika makoloni ya sayari za mbali, na inawapa miaka minne tu ya kuishi. Baadhi yao wanatoroka na kurudi duniani. Rick Deckard, anayeigizwa na Harrison Ford, anapewa kazi ya kuwasaka. Angalia basi: nimesema watumishi, wanatoroka, kuwasaka. Hukumu nimeshaitoa, na picha ndiyo kwanza inaanza.

Wakubwa wa Deckard wana msamiati wao. Kumuua mtoro hakuitwi kuua, kunaitwa kumstaafisha. Wastaafu wetu, pamoja na adha zote za kufuatilia mafao, wamshukuru Mungu kwamba kwao neno hilo bado lina maana yake ya kawaida. Deckard anamstaafisha Zhora, mmoja wa watoro hao, barabarani, usiku wa biashara, watu wamejaa. Zhora anakimbia amevaa koti la mvua la plastiki, la kuonyesha mwili. Risasi zinampata mgongoni. Anapasua kioo cha duka, anainuka, anapasua kingine, anaangukia katikati ya sanamu za kuvalishia nguo huku theluji ya mapambo ikimwagika juu yake. Polisi wanamgeuza uso. Deckard anamtazama, halafu anakwenda kununua chupa ya pombe.

Hapo ndipo Kiswahili kinapombana msimulizi. Binadamu akifa, mwili wake ni maiti. Mnyama akifa, ni mzoga. Chombo kikiharibika, ni gofu, ni chuma chakavu. Aliyelala kwenye vioo ni nini? Ukisema mzoga, sauti yenyewe itakukwama kooni, kwa sababu umemwona akikimbia.

Wenye filamu nao walihangaika na istilahi. Riwaya waliyoitumia, ya Philip K. Dick ya mwaka 1968, iliwaita viumbe hao androidi. Scott aliona neno limechakaa, akataka jipya. Mwandishi David Peoples alimuuliza binti yake aliyesomea mikrobiolojia, naye akamtajia jinsi seli zinavyojinakili. Ndipo likazaliwa jina la Replicant. Ni neno safi, la maabara, lisilo na harufu ya jasho. Roboti, kwa kulinganisha, halikuficha kitu. Lilitoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, likachukuliwa kutoka neno la Kicheki la kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wa pwani waliiita shokoa. Na roboti wa Čapek hawakuwa wa bati na nyaya. Walikuwa na nyama, kama Zhora.

Sisi tuwaiteje? Wengi watakimbilia "mtu bandia", neno lililo karibu na mkono. Silipendi. Noti bandia ni ya kuchanwa, nywele bandia ni za kuvuliwa, mtoto wa bandia ni wa kuchezewa. Ukishasema bandia umemaliza kesi kabla shahidi hajasimama. Wale wanaoiita akili ya mashine "akili unde" walau wameacha mlango wazi, kwani kitu kilichoundwa ni kitu halali: jahazi huundwa. Ila lugha yetu imetenganisha kuunda na kuumba. Fundi huunda, Mungu huumba, na Tyrell, mwenye kampuni, kwenye jumba lake refu hajui yuko upande gani. Roy Batty, kiongozi wa watoro, anapomfikia, anamkabili kama mtu aliyemfikia Muumba wake, anamwomba umri zaidi. Akiambiwa haiwezekani, anamuua. Maskini Tyrell alijiona mwenye kiwanda tu.

Ndiyo maana nasimama na neno kiumbe. Lina umbo la ki- kama kiti na kijiko, lakini watu husema kiumbe huyu, viumbe hawa, kama wasemavyo kipofu huyu na kiongozi yule. Limebeba kuumbwa bila kutaja nani kaumba.

Binadamu, hapana, hilo Roy halimwingii. Binadamu ni nasaba, mwana wa Adamu, na Roy hana baba wala babu. Utu ni jambo jingine. Anayempokonya yatima urithi wake tunasema hana utu, na hakuna anayetaka kumpima damu. Filamu nayo ina kipimo chake: mashine inamulika mboni ya jicho huku mtahiniwa akiulizwa, kwa mfano, kwa nini hamgeuzi kobe aliyelala chali juani. Kinachopimwa ni huruma. Serikali inayowinda viumbe wa miaka minne ndiyo inayowapima huruma! Mwishoni, juu ya paa, mvua inanyesha, stelingi ananing'inia na vidole vinaachia. Kibanda chochote cha video kingetegemea adui amkanyage. Roy anamdaka kifundo cha mkono, anampandisha, anaketi, anasema machache kuhusu aliyoyaona, anakufa.

Lakini tusiitukuze sarufi yetu kupita kiasi. Mtumwa naye yumo katika ngeli ya mtu. Zanzibar, mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, mtumwa alikuja na bwana alikuja, kwa kiambishi kile kile, na haikumpunguzia minyororo hata pete moja. Baadaye, kwenye mashamba ya mkonge, wenye majina yao waliitwa manamba. Roy anamwambia Deckard, akiwa bado ananing'inia, kwamba kuishi kwa hofu ndio utumwa. Kinachoweza kufanywa na sarufi ni kidogo: inamtaka msemaji achague waziwazi, kila kitenzi, mbele ya wasikilizaji.

Kwa hiyo, ninyi mnaoandika manukuu ya Kiswahili, nanyi wasimulizi wa vibandani, andikeni na mseme kiumbe, tena mshikilie a- na wa- mpaka taa ziwake. Zhora ni maiti. Kuhusu Deckard mwenyewe, Scott anasema naye ni wa kutengenezwa. Ford kwa miaka mingi alishikilia kwamba ni binadamu. Kwa Kiswahili, ubishi wao haubadilishi hata kiambishi kimoja.