Mpira kwa Masikio: Redio na Mtoto Asiyeona wa Nyegina

Nyegina, kijiji cha Bukwaya kilicho jirani na mji wa Musoma, kinafahamika zaidi kwa misheni ya Kikatoliki iliyofunguliwa na Mapadre Weupe mwaka 1911, ambako Julius Nyerere alibatizwa Desemba 1943. Lakini katika historia ya mtoto asiyeona wa kijiji hicho na michezo, chombo chenye uzito zaidi ni redio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1965, na kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, mashabiki wa vijijini, wenye kuona na wasioona, waliifuata mechi ya mbali kwa njia moja tu, nayo ni kusikiliza.

Usawa huo ulitokana na ustadi wa utangazaji wa moja kwa moja, yaani kusimulia mchezo papo hapo unapochezwa. Watangazaji wa enzi hiyo, akiwamo Ahmed Jongo na baadaye Charles Hilary, walijua kwamba msikilizaji haoni chochote, hivyo iliwabidi wataje mwenye mpira, anayemkabili, na mahali ulipo, iwe katikati ya uwanja au karibu na kibendera cha kona. Ilikuwapo hata desturi ya kueleza kwamba timu fulani inashambulia kutoka kulia kwenda kushoto mwa redio, na kwa maneno hayo machache kisanduku chenyewe kikawa uwanja, ambao mtoto asiyeona aliweza kuupima kwa kiganja chake na kujua lango linaloshambuliwa liko upande gani. Sauti ya mtangazaji ikipanda, na kelele za jukwaani zikipanda nyuma yake, hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba hatari imekaribia. Taifa Stars ilipotoka sare ya 1-1 na Zambia mjini Ndola mwaka 1979, kwa bao la Peter Tino lililoipeleka Tanzania kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980, mwenye macho aliyebaki kijijini hakuwa na habari zaidi ya asiyeona aliyeketi kando yake.

Televisheni ndiyo iliyowatenganisha. Mtangazaji wake, akiamini kwamba picha inajieleza, huweza kutaja jina la mchezaji na kunyamaza, au kuzungumzia usajili wakati mpira unaelekea langoni, na katika kibanda cha kuonyeshea mpira mtoto asiyeona hubaki akiwauliza wenzake kilichotokea baada ya wao kwisha kushangilia. Hasara hiyo haikulazimika kutokea. Wanaotangaza ligi leo, hata mbele ya kamera, warudishe desturi ya kutaja mpira ulipo, kwa maana Musoma wapo watoto wasioona, wakiwamo wanaosoma Shule ya Msingi Mwisenge, na mechi ni yao pia.