Miaka Sitini ya Elimu ya Ini Isiyomfikia Tabibu

Mkulima wa Unyambwa anayeamka macho yamekuwa ya njano na tumbo limeanza kujaa maji haendi kwanza kwa daktari bingwa wa ini. Unyambwa ni kata ya Manispaa ya Singida, lakini kama kata nyingine za pembezoni mwa mji huo, watu wake wanaishi kwa jembe. Mgonjwa wa namna hiyo huanza na miti shamba au duka la dawa, kisha hufika zahanati na kupokelewa na tabibu au muuguzi. Kutoka hapo akipewa rufaa huenda hospitali ya mkoa, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma, kiasi cha kilomita 240, au Muhimbili, Dar es Salaam, karibu kilomita 700. Mabingwa wa ini wako mwisho wa njia hiyo. Kwa hiyo tunapozungumzia mafunzo endelevu ya mabingwa hao, haitoshi kuuliza wamejifunza nini kipya mwaka huu. Tuulize pia ni tabibu gani amelijua jambo hilo kupitia kwao. Historia ya magonjwa ya ini Afrika Mashariki inaonyesha kwamba maarifa tulikuwa nayo mapema, tena mengine yalizaliwa hapa hapa kwetu. Tulichokosa ni njia ya kuyafikisha kwa anayemwona mgonjwa wa kwanza.

Hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuwa na jina kubwa katika utafiti huu tangu miaka ya 1950. Hugh Trowell na wenzake walitoa mwaka 1954 kitabu chao juu ya unyafuzi, ugonjwa ambao hulifanya ini la mtoto kujaa mafuta. Wanapatholojia wa Makerere nao waliona kwamba saratani ya ini, iliyokuwa nadra Ulaya, hapa iliwaua watu wengi, tena wakiwa katika umri wa kufanya kazi na kulea. Sababu mojawapo ilianza kujulikana kwa mlango usiotarajiwa. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa chakula chenye mashudu ya karanga zilizoota ukungu. Sumu iliyowaua ikaitwa aflatoksini, ambayo leo sisi tunaiita sumukuvu. Kampala haikuchelewa. Kati ya 1966 na 1967 zilikusanywa sampuli 480 za vyakula nchini Uganda, na karibu asilimia 30 zilikutwa na sumu hiyo. Sehemu zilizokuwa na sumu nyingi ndizo zilizokuwa na saratani ya ini nyingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Miaka miwili baadaye ukatoka utafiti wa Peers na Linsell kutoka Murang'a, Kenya: katika maeneo ya chini, yenye joto zaidi, watu walikula sumukuvu zaidi na saratani ya ini ilikuwa nyingi zaidi. Hoja ilikuwa imesimama kwa miguu miwili, Uganda na Kenya, kabla mtu anayesoma makala hii akiwa na miaka hamsini hajazaliwa.

Matokeo hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ya ng'ambo, na wasomaji wake walikuwa watafiti wenzao. Kilichofuata kinatisha kwa jinsi kilivyojirudia. Mwaka 1981, Machakos, Kenya, watu 20 walilazwa wakiwa na ini lililoharibika baada ya kula mahindi yenye ukungu, na 12 wakafa. Kabla yao walikuwa wamekufa njiwa na mbwa wa eneo hilo. Mwaka 2004 ikawa zamu ya Makueni, Kitui na wilaya jirani: wagonjwa 317, vifo 125. Mwaka 2016 balaa likafika Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, yote miwili ikipakana na Singida. Waliougua walikuwa 68, waliokufa 20. Walikuwa na macho ya njano, walitapika, matumbo yaliwauma na kuvimba, na chakula chao kilikuwa mahindi ya shamba lao wenyewe. Hata hivyo taarifa za mwanzo ziliuita ugonjwa usiojulikana, wakati ilikuwa imepita miaka 45 tangu matokeo ya Kampala yachapishwe.

Si haki kumlaumu tabibu wa Chemba, Dodoma, au Kiteto, Manyara, kwa hilo. Kuithibitisha sumukuvu kunahitaji maabara ambayo yeye hana. Kuishuku, lakini, hakuhitaji mashine. Kunahitaji maswali machache: nyumbani kwenu wameugua wangapi, mnakula nafaka ya msimu gani, ilianikwa wapi, kuku na mbwa wako salama? Maswali hayo ndiyo elimu yenyewe, na ni elimu inayotakiwa kukumbushwa kila mwaka kabla ya mavuno, kwa sababu janga linalokuja mara moja katika miaka kumi halimpi mtu nafasi ya kulizoea. Hapo ndipo mafunzo endelevu yana kazi kubwa kuliko chuo. Chuo humpa mtu msingi, lakini hakiwezi kumweka macho kwa ugonjwa ambao huenda akakutana nao baada ya miaka kumi na tano ya kutibu malaria na nimonia.

Tanzania iliwahi kufundisha umma kwa upana ambao leo hatuujaribu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza vyenye viongozi wao, na inakadiriwa kwamba watu wazima milioni mbili walishiriki. Kipindi peke yake kisingetosha. Nguvu yake ilikuwa katika kikundi kilichokutana saa ile ile, kikajadili, kisha kikaenda kuchimba vyoo. Kwa watumishi wa afya tumezoea njia nyingine: semina ya siku mbili hotelini, mada zinasomwa ukutani, watu wanarudi kazini na vyeti. Tangu sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, mafunzo endelevu yamefungamanishwa na leseni. Hilo ni jema, ila alama zinazohesabu saa za kukaa kitini hazisemi lolote juu ya mgonjwa. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2009 na mtandao wa Cochrane yalionyesha kwamba mikutano na warsha hubadili utendaji wa wahudumu kwa wastani wa asilimia sita tu. Si bure, lakini ni kidogo kwa gharama yake.

Njia bora ilibuniwa na daktari wa ini. Sanjeev Arora, wa Chuo Kikuu cha New Mexico mjini Albuquerque, Marekani, alikuwa na wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliongoja miezi mingi kumwona, na wengine walisafiri mamia ya kilomita. Mwaka 2003 aliacha kuwangoja. Kila wiki yeye na wenzake walikutana kwa video na wahudumu wa vijijini na wa magerezani, na kila mhudumu alileta mgonjwa wake halisi, bila jina, wakamjadili pamoja. Matokeo ya wagonjwa 407 yalichapishwa mwaka 2011. Waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu walipona asilimia 57.5, waliotibiwa na wahudumu wa pembezoni, asilimia 58.2. Kwangu mimi hakuna ushahidi unaojibu vizuri zaidi dhana kwamba ini ni la bingwa peke yake. Bingwa naye alinufaika: kila wiki aliletewa wagonjwa ambao asingewaona kamwe, na hayo ni mafunzo endelevu kwake kuliko hotuba yoyote.

Wapo watakaosema Marekani si Singida, na kwamba elimu bila dawa na vipimo ni kumtesa tabibu. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini tutazame homa ya ini aina ya B, ambayo kwetu ni chanzo kikuu cha ini kuota makovu na kupata saratani. Chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Kipimo cha haraka cha kuigundua ni cha bei ndogo. Tenofovir, dawa inayoizuia, imo ndani ya kidonge wanachopewa watu wanaoishi na VVU katika kliniki za tiba na matunzo nchi nzima. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipanua mwongozo wake ili wagonjwa wengi zaidi waanze kutibiwa, na kwa masharti mepesi. Ni kweli kwamba dawa ya VVU ina bajeti yake, na mgonjwa wa ini hawezi kuichukua tu kabatini. Hapo serikali ina deni la kulipa. Lakini tabibu asiyepima hana idadi ya kupeleka wilayani, na bila idadi hakuna atakayeagiza dawa. Tena yapo mengi yasiyongoja bajeti: kumkataza mgonjwa pombe, kumwachisha miti shamba inayomzidishia madhara, kutozidisha parasetamoli, kutambua mapema kuchanganyikiwa kunakotokana na ini kushindwa, kumpima mwenzi wake na watoto wake.

Wengine watasema mabingwa ni wachache mno, hawana muda wa kufundisha zahanati. Mimi naona uchache wao ndio sababu ya kuwataka wafundishe. Bingwa mmoja anayeona wagonjwa ishirini kwa siku hataimaliza foleni ya nchi hii hata akifanya kazi hadi astaafu. Saa moja kwa wiki na matabibu thelathini, kwa Kiswahili, juu ya wagonjwa wao wenyewe, itapunguza rufaa zisizo za lazima na kuharakisha zile za lazima.

Baraza la Madaktari Tanganyika lina mamlaka ya kuamua ni mafunzo gani yanahesabiwa. Liamue kwamba bingwa wa ini hatapata alama zake zote mpaka sehemu yake itokane na kuwafundisha matabibu na wauguzi wa ngazi ya chini, na kwamba tabibu naye apate alama kwa kuleta mgonjwa wa kujadiliwa. Wizara ya Afya itenge saa, simu na vifurushi vya intaneti kwa zahanati, ianze na mikoa ya kati ambako mahindi yenye ukungu yameshaua. Ninyi mabingwa wa Dodoma na Muhimbili, msingoje waraka. Pigeni simu Singida kabla ya mavuno yajayo.