Tschäggättä: Vinyago vya majira ya baridi katika bonde lililopoteza kijiji

KATIKA bonde la Lötschental, kusini mwa Uswisi, watoto hujifunza mapema kutega sikio wanapotembea njiani kuanzia Februari 3 hadi mkesha wa Jumatano ya Majivu. Kengele ya ng'ombe ikilia nyuma ya nyumba wakati huo, ilhali ng'ombe wote wamefungiwa zizini kwa sababu ya theluji, basi anayekuja si ng'ombe.

Anayekuja ni Tschäggättä, yaani mtu aliyejivika ngozi za kondoo au mbuzi, akafunga kengele kiunoni na kuuficha uso wake nyuma ya kinyago cha mti chenye meno yaliyochomoza. Jina hilo latokana na neno la lahaja ya Kijerumani ya huko lenye maana ya kitu chenye mabaka ya rangi mbili, kwa kuwa ngozi zinazovaliwa aghalabu ni nyeupe na nyeusi.

Lötschental liko katika jimbo la Valais, chini ya mlima Bietschhorn wenye kimo cha mita 3,934. Lina wakazi wapatao 1,500 pekee, na vijiji vyake vikuu ni vinne: Ferden, Kippel, Wiler na Blatten. Mto Lonza wapita katikati yake. Kabla ya njia ya reli ya Lötschberg kufunguliwa mwaka 1913, kufika huko wakati wa baridi kulikuwa kazi ya kujitolea mhanga, kwani maporomoko ya theluji yaliweza kulitenga bonde na ulimwengu kwa muda mrefu. Upweke huo ndio uliozilea desturi ambazo kwingineko zilikwisha kufifia.

Mavazi ya Tschäggättä hayakubuniwa ili yapendeze. Mvaaji huchukua nguo kuukuu, mara nyingi akazigeuza nje ndani, kisha akarundika ngozi mbele na nyuma hadi mabega yakavimba kama nundu. Ngozi hizo hukazwa kwa mkanda, na kengele ikaning'inizwa hapo. Mikononi huvaa glavu nzito za sufu. Miguu nayo huzongwa kwa vipande vya gunia, na sababu yake inadhihirisha jinsi maisha ya kijiji yalivyokuwa: katika mahali ambapo kila mtu alivijua viatu vya mwenzake, kuuacha mguu wazi kulikuwa sawa na kutaja jina.

Kutotambuliwa ndiko kiini cha mchezo wote. Zamani haki ya kuvaa kinyago ilikuwa ya vijana wa kiume ambao hawajaoa. Kwa muda wa siku chache waliruhusiwa kuwafukuza wasichana na watoto vichochoroni, kuwaangusha kwenye theluji na kuwasugua nyuso kwa theluji hiyo hiyo. Anayefahamu jinsi wazee na kanisa walivyowadhibiti vijana hao mwaka mzima hatashangaa kwamba waliingojea Februari kwa hamu. Hata hivyo, uhuru wenyewe ulikuwa na mipaka. Jumapili haikuguswa, na kengele ya kanisa ya jioni ilipolia, kila kinyago kilipaswa kurudi nyumbani.

Si kwamba kanisa liliridhika na mpango huo. Maandishi ya kwanza yanayojulikana kuhusu Tschäggättä ni ya mtu aliyetaka kuwakomesha. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, paroko wa Kippel aliyeitwa Johann Baptist Gibsten aliwataja katika kumbukumbu za parokia, akiwapiga marufuku na kuwatoza faini wakaidi. Faini hiyo haikufua dafu. Lakini bila ya hasira za padri huyo, historia ya desturi hii ingeanza kuandikwa baadaye zaidi.

Kwa hakika ilikuwa mwaka 1907 ambapo wasomi walianza kuimulika kwa kina. Mwaka huo Friedrich Gottlieb Stebler alichapisha kitabu kuhusu bonde hilo na watu wake, naye Leopold Rütimeyer, tabibu wa mji wa Basel aliyependa kuchunguza mila, akatoa makala kuhusu vinyago vyenyewe. Vinyago kutoka Lötschental vikaanza kusafiri hadi makavazi ya mijini.

Tangu hapo pamekuwa na mvutano kuhusu asili. Wako wanaosimulia habari za majambazi wa kale walioishi upande wa bonde usiofikiwa na jua, ambao walijifunika ngozi na vinyago wakashuka usiku kupora vijiji. Wengine hudai kwamba haya ni masalio ya ibada za kabla ya Ukristo, na kwamba kelele za kengele zilikusudiwa kuyafukuza mapepo ya baridi. Masimulizi yote mawili yanavutia, na wageni huyapenda. Ila hakuna hati inayoyathibitisha, na watafiti wa karibuni wameyachukulia kwa tahadhari. Kilicho dhahiri ni kwamba desturi hii imefungamana na kalenda ya Kikatoliki. Yaanza siku moja baada ya sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, ambayo huadhimishwa Februari 2, na kukoma kabla ya mfungo wa Kwaresima. Kama kuna upagani ndani yake, basi ni upagani uliojua vyema tarehe za kanisa.

Vinyago navyo havikubaki vilevile. Vyote huchongwa kwa mti wa jamii ya msonobari unaoota juu milimani, ambao ni laini kwa patasi na hautoi vibanzi ovyo. Vya kale vilikuwa vidogo, vilivyotosha kuufunika uso tu, na aghalabu vilipakwa weusi wa masizi. Karne ya 20 ilipoingia, watozi na watalii walianza kuvinunua, na mchongaji akapata mteja ambaye hakukusudia kuvaa kinyago bali kukitundika ukutani. Vikawa vikubwa zaidi, midomo ikapinda, macho yakatumbuka, meno halisi ya wanyama yakapachikwa. Baadhi ya vile vinavyochongwa leo vina sura ambazo mtazamaji wa filamu za kutisha atazitambua mara moja. Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kuiharibu mila. Lakini mila yenyewe haikuwahi kuweka kielelezo kimoja. Kila mchongaji alitisha kwa namna aliyoijua.

Mabadiliko mengine yamegusa wavaaji. Vijana walipopata ajira katika viwanda vya bonde la Rhône, mchana wa siku za kazi haukuwa tena wakati wa kukimbizana, na vinyago vikahamia usiku. Sharti la useja limeachwa, na wanawake nao huvaa. Alhamisi inayotangulia Jumatano ya Majivu kuliwekwa mbio za jioni zilizoanzia Blatten, kijiji cha juu kabisa kati ya vile vinne, na kuteremka kupitia Wiler na Kippel hadi Ferden. Jumamosi yake kuna maandamano huko Wiler, ambayo huwavuta watalii. Mwaka 2012 desturi hii ilitiwa katika orodha rasmi ya mila hai za Uswisi.

Miaka 13 baadaye, mahali zilipoanzia mbio hizo palitoweka.

Katika Mei 2025, miamba ilianza kuporomoka kutoka mlima Kleines Nesthorn na kulundikana juu ya barafu ya Birch, iliyokuwa imeegemea mteremko juu ya Blatten. Wataalamu waliokuwa wakiupima mlima huo waliona kwamba barafu ilikuwa ikisonga kwa kasi isiyo ya kawaida. Mei 19 wakazi wapatao 300 waliamriwa kuondoka, na mifugo ikahamishwa. Mei 28 alasiri, barafu na mawe, mamilioni ya mita za ujazo, viliachia kwa pamoja. Takriban asilimia 90 ya kijiji ilifunikwa. Mto Lonza ulizibwa, maji yakajikusanya na kuwa ziwa lililozamisha nyumba nyingi zilizokuwa zimesalia. Mwanamume mmoja wa umri wa miaka 64, aliyekuwa nje ya eneo lililohamishwa, alipoteza maisha. Idadi ya vifo ingekuwa ya kutisha lau amri ya kuondoka ingecheleweshwa kwa siku kumi tu.

Kanisa la Blatten lilikwenda na nyumba zake. Katika bonde ambapo vinyago hutunzwa majumbani, vikirithishwa pamoja na ngozi na kengele zake, kufukiwa kwa nyumba ni kufukiwa kwa sura ambazo majirani walikuwa wakizihofia tangu utotoni.

Hasara hiyo haina hesabu kamili. Vinyago vya kale vilivyochukuliwa hadi Basel zaidi ya karne moja iliyopita, uchukuzi ambao ungeweza kulaumiwa kama wizi wa urithi, vilikuwa mbali na maporomoko. Vivyo hivyo vile vya makavazi ya bonde hilo, yaliyofunguliwa mwaka 1982 katika kijiji cha Kippel. Vitongoji vichache vya Blatten vilivyo juu zaidi ya mkondo wa maporomoko, kama vile Weissenried, navyo vilinusurika.

Viongozi wa Blatten walitangaza siku hizo hizo kwamba kijiji kitajengwa upya ndani ya bonde, si kwingineko. Wakati huo waliohamishwa walikuwa wamepata hifadhi, wengi wao katika vijiji jirani vya Wiler, Kippel na Ferden, ambavyo watoto wa Blatten walikuwa wamezoea kuviingia mara moja kwa mwaka wakikimbia, kengele zikilia kiunoni.