Urejeshaji wa gari kongwe, na swali la mwaka gani

Mpelekee fundi wa Gerezani Peugeot 404 iliyolala miaka mingi chini ya mwembe, umwambie unataka kuikarabati. Atakuelewa mara moja, na tatizo linaanzia hapo. Ameelewa kwamba unataka gari litembee, ling'ae na lisikusumbue njiani. Atatafuta injini ya Toyota, atabadilisha giaboksi ioane nayo, atahamisha gia kutoka kwenye usukani kuileta sakafuni, kisha atapiga rangi ya metaliki. Kazi itakuwa safi, na utaondoka na gari zuri lenye sura ya 404. Huna haki ya kumlaumu, maana neno ulilompa limemruhusu kufanya yote hayo.

Ukarabati ni neno pana. Tunakarabati madarasa, barabara na vyoo vya stendi, wala hakuna anayedai bati la zamani lirudishwe juu ya paa. Kinachotakiwa ni kitu kifanye kazi. Wapo lakini watu wanaofungua gari la zamani nyumbani, wikiendi kwa wikiendi, kwa pesa zao na kwa mikono yao, na wanachokitafuta ni kingine. Wanataka gari lirudi kuwa vile lilivyokuwa. Kazi hiyo inastahili istilahi yake, nami naona iliyo bora ni urejeshaji.

Sababu imo ndani ya kitenzi. Kurejesha hudai mahali. Mtu akikwambia amerejesha kitabu, lazima utauliza amekirejesha wapi, au kwa nani. Mpaka ujibiwe, maneno yake yananing'inia. Na kazi yenyewe iko hivyo hivyo. Kabla hujashika spana unatakiwa ujue gari hili linarejeshwa kwenye hali ya mwaka gani. Ya siku lilipotoka kiwandani Sochaux? Ya miaka lilipokuwa teksi ya kwenda Morogoro, na keria juu ya paa? Ya siku babu alipoliegesha? Majibu yote matatu yanaweza kuwa halali, ila kila moja lina orodha yake ya spea.

Umbo la marejesho lisingetufaa. Limeshachukuliwa na watu wa mikopo, na ukitaja marejesho ya gari kwenye kikao cha vikoba watadhani umechelewesha rejesho la mwezi. Urejeshaji bado liko huru, na watu wa misitu na mazingira wamekwisha kulizoesha masikioni wanapozungumzia urejeshaji wa uoto uliopotea.

Gereji zetu hazina upungufu wa maneno, na istilahi mpya haiji kuyafuta yaliyopo. Kufufua ni kulifanya gari lililokufa liwake tena: unasafisha tangi, unabadilisha plagi, unafungua kabureta na kuondoa masalia ya petroli iliyoganda, unasikiliza. Ovahoo ni ya injini: inashushwa, inafunguliwa yote, inapimwa, inapewa ringi na beringi mpya. Kunyoosha ni kwa fundi bodi. Mrejeshaji atafanya haya yote kwa zamu, na bado mwisho wake asiwe amerejesha kitu, ikiwa kila hatua aliichukua kwa kufuata bei na upatikanaji tu, bila kuuliza ule mwaka.

Kuna waraka wa kimataifa unaosaidia hapa. FIVA, shirikisho la dunia la vilabu vya magari ya kale lililoanzishwa 1966, lilipitisha Hati ya Turin mwaka 2012. Hati hiyo inatenganisha ngazi za kuligusa gari. Ya kwanza ningeiita utunzaji, yaani kulilinda lisiharibike zaidi. Ya pili ni uhifadhi, ambapo unazuia uharibifu uliokwisha kuanza, kwa mfano kutuliza kutu, bila kubadilisha sura. Ya tatu ndiyo urejeshaji: kujaza kilichopotea ili hali fulani ya zamani ionekane tena. Hati inakiri kwamba ngazi hii huingia ndani zaidi ya gari kuliko zile mbili, na inataka sehemu mpya zikae kwa utulivu pamoja na za zamani lakini mtu akichunguza kwa karibu aweze kuzitofautisha. Kulifanya gari liwe kama jipya bila kujali umri wa sehemu zake, jambo ambalo mitaani ndilo husifiwa zaidi, hati hailihesabu miongoni mwa malengo yake.

Sharti la kutofautisha linawashangaza wengi. Fundi aliyefunzwa kuficha kiraka anaambiwa asikifiche kabisa. Ila ukilitazama kwa jicho la mtu atakayelifungua gari hilo baada ya miaka 40, unaona maana yake. Atataka kujua bati hili la sakafu ni la Sochaux au ni la Buguruni. Alama ndogo ya mwaka iliyogongwa upande wa chini inamtosha.

Sehemu zikishabadilishwa, je, gari bado ni lile lile? Mahakama ya Uingereza ililazimika kulikabili swali hili mwaka 1990, na pesa zilikuwa nyingi: pauni milioni 10. Gari lilikuwa Bentley Speed Six iitwayo Old Number One, mshindi wa mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Aliyekubali kulinunua alirudi nyuma akidai si gari lenyewe. Alikuwa na hoja. Gari lilikuwa limebadilishwa mara kwa mara kwa ajili ya mbio, na mwaka 1932 dereva Clive Dunfee alikufa katika ajali akiliendesha kwenye uwanja wa Brooklands. Jaji aliyesikiliza kesi, Otton, alikuta kwamba vitu vinavyoweza kuthibitishwa kuwa vya mshindi wa 1930 vilikuwa vichache mno: kava la giaboksi, shafti ya pedali na nguzo ya usukani. Hata hivyo aliamua kwamba jina ni la gari hilo, kwa kuwa historia yake haikuwahi kukatika. Lilibadilika hatua kwa hatua, na hapakuwa na gari jingine la kulinyang'anya jina.

Hukumu hiyo huwa naipenda na kuiogopa kwa pamoja. Naipenda kwa sababu inampa moyo mtu mwenye gari lililobadilishwa fenda mara tatu. Naiogopa kwa sababu inaweza kumfungulia mlango mjanja: anachukua kibao cha namba ya chasisi, anajenga gari zima kukizunguka, halafu anakwambia historia haijakatika.

Turudi kwenye 404, maana nayo ina mtego wake wa kihistoria. Ilishinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara ya kwanza na ya mwisho ushindi ulikuwa wa Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika miaka ile miwili ambayo magari saba tu yalifika mwisho. Mara mbili za katikati ulikuwa wa Bert Shankland, dereva wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Basi kila mwenye 404 anatamani kuchora namba mlangoni, kufunga taa nne mbele na kuiita ya Safari. Gari la Shankland lilikuwa na pampu ya Kugelfischer ya kupulizia petroli. Lako, kama nyingi za mitaani, lina kabureta ya Solex na lilibeba watoto shuleni. Kulivika taa za mbio ni burudani halali, lakini liite igizo. Huwezi kulirejesha gari mahali ambapo halijawahi kufika.

Ushahidi wa gari lako lilikotoka umo ndani ya gari lenyewe. Anza na rangi. Ng'oa mpira wa mlango wa buti, au legeza ukingo wa dashibodi, utakuta rangi ambayo jua na fundi havikuifikia. Kisha tafuta pahali pasipoonekana sana, chukua msasa laini wa maji, usugue kwa kidole eneo la ukubwa wa sarafu, taratibu, ukizungusha. Tabaka zitajitokeza moja ndani ya nyingine: nyeupe ya juu, chini yake kijani cha miaka ya themanini ambacho hakuna anayekikumbuka, kisha praima ya kijivu, kisha buluu iliyopauka, praima nyingine, bati. Ile buluu iliyokaa juu ya praima ya mwisho ndiyo ya kiwandani. Piga picha kabla hujaendelea. Watu wengi hufikia hatua hii wakiwa na haraka ya kukwangua bodi nzima, na jioni moja ya mashine ya kusugua hufuta ushahidi wote.

Halafu sumaku. Ile iliyong'olewa kwenye spika iliyokufa inatosha. Ifunge kwa kitambaa laini isikwaruze. Ipitishe kwenye fenda, kisha chini ya milango, kwenye mfereji wa bati unaobeba uzito wa pembeni. Penye bati inang'ang'ania. Penye bodi fila inalegea, inateleza, inakudondokea kiganjani. Sehemu za chini ndizo hudanganya zaidi, kwa kuwa hapo ndipo maji ya mvua na chumvi ya pwani hutuama, na hapo ndipo fundi mwenye haraka hupachika fila nene juu ya kutu hai. Kwa miezi michache panapendeza. Fila inashikilia unyevu dhidi ya bati, kutu inaendelea kula kutoka ndani, na siku moja kipande kizima kinadondoka kwenye tuta la barabarani.

Waliofanya kazi kwenye nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Ukizipaka saruji kwa nje unaufungia unyevu ndani, na ukuta unaanza kuoza nyuma ya plasta inayoonekana imara. Chokaa kwa chokaa, bati kwa bati: eneo lenye kutu likatwe mpaka ufike kwenye chuma kizima, kipande kipya kichomelewe, na fila ibaki kuwa ya kusawazisha mikwaruzo tu.

Mji huo umetusaidia na neno jingine. Kiingereza cha wapenzi wa magari kina madaraja ya ajabu: Waingereza hutenga jina moja kwa magari yaliyoundwa kati ya 1919 na 1930 peke yake, na kwa hesabu yao 404 ya 1967 haimo kabisa. FIVA imerahisisha kwa kutaka gari liwe limefikisha miaka 30, lihifadhiwe katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisiwe la safari za kila siku. Sisi tunalo kongwe, linalomfaa mwanasiasa, mwanamuziki na mji, na ndani yake heshima imo. Kuukuu na chakavu hazina heshima hiyo, na mkweche ni tusi la mapenzi. Serikali zina lugha yao: Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, na forodhani Tanzania watu huzungumzia ushuru wa uchakavu. Gari lile lile linaweza kuwa chakavu kwenye fomu na kongwe kwenye ua wako.

Ya injini nitayapitia haraka, kwa kuwa kwa fundi wa nyumbani 404 ni rahisi kuliko sifa zake. Slivu zake ni za maji, yaani zinazungukwa na maji ya kupooza na hutoka zikiwa nzima, kwa hiyo unaweza kununua seti mpya pamoja na pistoni zake ukafunga bila kupeleka bloku kuchongwa. Angalia tu zichomoze kidogo sana juu ya bloku, ili hedi ikikazwa ibane gasketi sawasawa. Pointi za distribyuta unazipima kwa fila geji, kama milimita 0.4, ukazikaza, ukapima tena, kwa sababu skrubu ikikazwa huzisogeza. Wapo wanaozing'oa na kuweka mfumo wa kielektroniki. Sina ugomvi nao ikiwa distribyuta ya zamani imefungwa kwenye mfuko na kuwekwa rafuni, na hakuna tundu jipya lililotobolewa kwa ajili ya hiyo mpya. Kigezo ni kama unaweza kurudi ulikotoka.

Yapo mambo ambayo mwaka uliouchagua hauwezi kukupa tena. Petroli ya 1967 ilikuwa na risasi, na risasi ile ililinda viti vya valvu visilike. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na duniani kote ilikoma kuuzwa kwa magari mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Injini ya zamani yenye viti laini ikitumia petroli ya leo kwa mwendo mrefu, valvu huzama polepole ndani ya hedi. Mrejeshaji wa injini ya namna hiyo hana budi kufunga viti vigumu hedi ikiwa imefunguliwa. Ni badiliko la kweli, limo ndani ya injini, hakuna atakayeliona, na kwa sababu hiyo hiyo linatakiwa kuandikwa kwenye daftari la gari pamoja na tarehe.

Daftari hilo ndilo litakalokupa maneno siku utakapouza. Tangazo la kawaida husema gari limekarabatiwa, liko vizuri sana, injini mpya. Mnunuzi wa gari kongwe hapo hajaambiwa kitu. Afadhali liandikwe hivi: Peugeot 404 ya 1967, imerejeshwa katika hali ya kiwandani, rangi ni buluu yake ya awali, bodi imechomelewa bati jipya chini ya milango yote minne, injini ni yake, viti vya valvu vimebadilishwa, sakafu ya nyuma si yake.