Trekta kuukuu ikishindwa kuinua plau, usikimbilie kubadilisha pampu

MSIMU wa kulima unapokaribia katika maeneo kama vile Uasin Gishu na Trans Nzoia, hakuna linalomkera mwenye trekta kama kuvuta wenzo wa kuinulia plau na kuona mikono ya nyuma imetulia tuli, ilhali injini inanguruma vyema.

Wengi huamua papo hapo kwamba pampu ya haidroliki imekufa. Uamuzi huo ni wa gharama. Katika trekta kama Massey Ferguson 135, iliyozinduliwa mwaka wa 1964 na ambayo ingali ikitumika mashambani, pampu imefichwa ndani ya kasha la gia, na kuifikia ni kazi kubwa.

Kabla ya kumwita fundi, mkulima anaweza kuchunguza mambo manne yasiyohitaji kufungua chochote.

Kwanza, tazama wenzo wa PTO, yaani mhimili wa nyuma unaoendesha mashine kama vile za kukatia nyasi. Katika baadhi ya trekta kuukuu, mhimili huo ndio unaozungusha pampu. Katika trekta hizo, wenzo ukiachwa katikati, pampu haizunguki na plau haitainuka hata injini ikikimbia namna gani. Kanyaga klachi, uingize wenzo mahali pake, kisha ujaribu tena.

Pili, pima mafuta. Egesha trekta mahali tambarare, teremsha plau, zima injini na usubiri mafuta yatulie. Mafuta yanayolainisha gia ndiyo hayo hayo yanayoinua plau. Yakipungua, pampu hufyonza hewa na mikono huinuka kwa kusitasita.

Angalia pia rangi yake. Yakifanana na chai ya maziwa, yamechanganyika na maji. Mara nyingi maji hayo hupenya kwenye raba iliyopasuka chini ya wenzo wa gia, trekta inapolala mvuani. Kuongeza mafuta mapya juu ya hayo si dawa. Yamwage yote, chujio lisafishwe, raba ibadilishwe, kisha utie mafuta ya aina iliyotajwa katika kijitabu cha trekta.

Tatu, linganisha nguvu. Ikiwa mikono huinuka bila mzigo lakini hushindwa na plau, shinikizo linapotea mahali fulani: huenda vali ya kupunguzia shinikizo imelegea, au kuna mvujo ndani. Ikiwa huinua vizuri asubuhi na kulegea baada ya saa kadhaa za kazi, shuku pampu iliyochakaa, kwani mafuta yakipata moto huwa mepesi na kupenya kwenye nafasi zilizolika.

Nne, inua plau kisha uzime injini huku watu wakiwa mbali. Plau ikishuka upesi, mara nyingi kosa liko kwenye ringi za pistoni au raba za silinda ya kuinulia, wala si kwenye pampu. Dalili nyingine ya mvujo huo ni mikono kupanda na kushuka yenyewe injini inaponguruma. Ringi na raba ni za bei nafuu zikilinganishwa na pampu.

Usalama usipuuzwe. Usiingie kamwe chini ya plau iliyoinuliwa kwa haidroliki pekee, hata kwa dakika moja. Usitafute mvujo kwa kidole. Tumia kipande cha kadibodi. Mafuta yenye shinikizo hutoboa ngozi, na jeraha linaloonekana dogo laweza kumgharimu mtu mkono. Aliyepatwa na hayo apelekwe hospitalini mara moja.

Hatimaye, fundi anapowasili, mweleze uliyoyaona: plau ilishindwa lini, ikiwa na mzigo gani, mafuta yakiwa moto au baridi. Fundi anayejua dalili hufungua mahali panapostahili kufunguliwa, nawe hulipii kifaa ambacho hakikuwa na kosa.